Kiraka cha Mama Sweta

"Usinitajie mali ya kampuni, Binamu! Uliahidi wewe. Kwa vidole vyako mwenyewe uliandika, mbele ya watu ambao hata sura zetu hawazijui, kwamba tukitengeneza chochote tutarudisha. Sasa nimetengeneza, unaniambia nikikalie? Mimi kuku?"

"Punguza sauti, dada. Kuna wateja chini."

"Wateja wa chini ni wa dada yangu, wameshazoea kelele. Nijibu."

Ni kweli wamezoea. Duka letu la udobi liko chini, ofisi yao iko juu yetu, na dari ni ya mbao. Kila aliyekuja kuchukua shati lake siku ile aliondoka nalo limenyooka, na habari za ofisi ya juu akaongezewa bure.

Huyo mlalamikaji ni mdogo wangu, tumbo moja, ananifuata. Mtaani wanamwita Mama Sweta. Jua likiwaka hadi mbwa wanagombania kivuli, yeye anapita na sweta la sufu, soksi nene na mtandio umezungushwa shingoni. Si mgonjwa. Anafanya kazi kwenye chumba chenye baridi ya kuhifadhia samaki, ila samaki hakuna. Kuna kompyuta zimepangwa kwenye makabati ya chuma, feni zake zinavuma kama nyuki waliotukanwa. Binamu, mtoto wa mjomba wetu, ndiye bosi. Kampuni waliianzisha pamoja: yeye akatoa chumba na maneno, mdogo wangu akatoa akili na uti wa mgongo. Kwenye kadi za biashara Binamu akaandikwa Mkurugenzi, mdogo wangu akaandikwa Mkuu wa Ufundi, mkuu asiye na wa kumtuma.

Biashara yenyewe si uchawi, ingawa wenye nayo wanapenda uidhanie hivyo. Chukua nyumba moja kubwa uigawe vyumba, kila mpangaji awe na mlango wake na ufunguo wake, na kila mmoja aamini nyumba nzima ni yake. Hiyo nyumba ni kompyuta kubwa. Hivyo vyumba vinaitwa mashine pepe: huwezi kuvishika, lakini kila kimoja kinafanya kazi kama kompyuta kamili. Shule ya jirani ina chake inachowekea alama za wanafunzi, zahanati ina chake, duka la matairi lina chake. Wenyewe hawazioni hizo mashine, wanazifikia kwa mtandao, ndiyo sababu wanasema ziko kwenye wingu. Mama yetu aliposikia mwanawe ameajiriwa na wingu aliuliza kama ndiye anayetuchelewesheaga mvua.

Nyumba ya vyumba vingi inataka mwangalizi. Mwangalizi ndiye anayefungua chumba kipya, anayehamisha wapangaji jengo likiharibika, anayemwamsha aliyezimika. Huyo naye ni programu. Ziko za kununua kwa bei ya kukutoa machozi. Wao walichukua programu huria, ambayo imeandikwa na watu wa nchi mbalimbali, haiuzwi, na utumbo wake uko wazi: anayejua kusoma asome, anayejua kutengeneza atengeneze. Wana desturi moja. Ukiziba shimo, unawarudishia kiraka chako, ili mwingine asivunjikie mguu pale pale. Usiporudisha hakuna askari atakayekufuata. Ni aibu yako tu.

Sasa hiyo ahadi. Mwaka wao wa kwanza mashine ya zahanati iligoma kuamka, na ndani yake mna kumbukumbu za wagonjwa wote. Mdogo wangu akaandika kwenye jukwaa la wenye programu kuomba msaada. Akajibiwa na mtu anayejiita Bundi, wa nchi gani Mungu ndiye anajua. Huyo Bundi alishinda naye mchana kutwa: fanya hivi, niambie umeona nini, hapo usiguse. Jioni zahanati ikapata kumbukumbu zake. Binamu kwa furaha akanyakua kibodi akauliza wamlipe nini. Bundi akasema hataki kitu, siku mkipata cha kutengeneza rudisheni. Binamu akaandika: tunaahidi, tuna deni kwenu. Hakuna aliyemshikia bakora.

Kilichokuja kutengenezwa ni hiki. Umeme wa mtaa wetu haukatiki kiungwana. Unakonyeza. Unazima, unawaka, unazima tena kabla hujamaliza tusi. Mimi na pasi zangu tunaujua. Sasa ukikonyeza na betri za akiba nazo zimechoka, kompyuta moja inapotea kidogo, na yule mwangalizi anadhani imekufa. Haraka haraka anawaamsha wapangaji wake kwenye kompyuta nyingine. Kumbe ile ya kwanza imeshafufuka, na wapangaji wale wale ndani. Mashine ya shule inakuwa mbili, pacha, zote zinaandika kwenye diski moja, kama wake wenza wanaopika chungu kimoja bila kusemeshana. Huyu anatia chumvi, na yule anatia chumvi. Alama za watoto zikawa uji.

Wenye programu walipoambiwa walijibu kwa adabu kwamba jambo hilo wao hawajaliona. Wangelionea wapi? Umeme wao una malezi.

Mdogo wangu akaingia mwenyewe ndani ya ile programu. Alichukua muda mrefu, akakonda, akawa anaongea peke yake anapokula. Akaishona hivi: kabla ya kuamsha pacha, mwangalizi awaulize majirani, yaani kompyuta nyingine, kama mwenzao amekufa kweli au amesinzia. Wakisema hawajui, kwanza aizuie ile kompyuta ya kwanza isiguse diski, ndipo aamshe wapangaji mahali pengine. "Mtu hazikwi kwa kusinzia," aliniambia, na huo ndio ufundi wote, ingawa kuuandika kulimtoa jasho ndani ya chumba cha baridi. Tangu siku ile umeme ukakonyeza ulivyotaka. Pacha hakuzaliwa.

Hapo ndipo tamaa ilipompanda Binamu. Kampuni ya mtaa wa pili inatumia programu ile ile, na wapangaji wao walikuwa wanaharibikiwa kama zamani. Wateja wakaanza kuhamia kwa akina Binamu. Binamu akapiga hesabu zake, akasema kiraka hakitoki. Ndiyo yale makelele niliyoanza nayo.

"Hii ndiyo siri yetu ya sokoni," alisema.

"Siri! Nguo yote umepewa bure, umetia kiraka kimoja, unajiita mfumaji?"

"Dada, biashara si sadaka. Saini hapa kwamba kazi hii ni ya kampuni na haitoki."

"Saini mwenyewe, jina lako fupi."

Hakusaini. Karatasi ilibaki mezani mpaka ikapata alama ya kikombe cha chai.

Mhasibu wao, mama mmoja mpole anayeogopa hata kelele za mlango, alimshusha kwetu wakati wa chakula akamnong'oneza njia ya mkato. Kwa nini asitume tu kwa jina la bandia? Nani atajua? "Andika hata jina la paka wako, Mama Sweta."

Lakini watu wale wana sharti. Anayeleta kiraka anaweka jina lake la kweli, na anatamka kwamba anachotoa ana haki ya kukitoa, au mwajiri wake ameridhia. Mdogo wangu alimtazama Mhasibu mpaka yule mama akaanza kukunja shuka ambazo si zake.

"Niende kulipa deni nimejifunika uso? Wakiniuliza ni nani niseme nyau? Sitaki. Kitatoka mlango wa mbele, mchana, na Binamu akiwa ameushika mlango."

Nilimwambia mlango wa mbele unaweza kutokea barabarani, na kazi huna. Akaniambia nipige pasi.

Basi siku moja yuko kwenye benchi letu anasubiri sweta lake likauke, anasoma simu. Nikaona amenyamaza. Akinyamaza yeye, tafuta pa kusimama. Mwanamke wa nchi nyingine, mtunza mashine za hospitali ya wazazi, alikuwa ameandika kwenye lile jukwaa: umeme wetu unazimika na kuwaka, mashine zetu zinakuwa mbili mbili, nimepoteza kumbukumbu za kina mama wa kliniki nzima, wakubwa wangu wanasema ni uzembe wangu, jamani kuna anayejua dawa? Chini yake wawili watatu wamejibu kwamba wamejaribu kuliona tatizo hilo na hawakuliona.

"Wanamwambia anaota," mdogo wangu alisema. "Na mimi dawa ninayo mfukoni."

Kidole chake kikaanza kugonga ile simu kama anaponda pilipili. Hakutuma kiraka. Aliandika, kwa jina lake na jina la kampuni: Dada, huoti, wala si uzembe wako. Tatizo lipo, nimelitibu, na dawa ninayo. Mwajiri wangu amenikataza kuitoa. Naandika hapa ili naye asome.

Alisoma. Nilimsikia akisoma, maana kiti kilianguka.

"Umenivua nguo mbele ya dunia!"

"Onyesha palipo na uongo, nifute."

"Mimi ni ndugu yako!"

"Ndiyo maana nimekusema kwa adabu. Angekuwa mwingine ningetaja na mshahara."

Kumfukuza hakuweza, angejibu nini nyumbani. Alichofanya ni kumnyang'anya funguo za chumba cha baridi na kumweka mapokezi, mezani kwenye maua ya plastiki. Ukuu wa Ufundi akapewa fundi wa kukodi, mwanaume mstaarabu mwenye kalamu nne mfukoni. Kadi mpya zikachapwa.

Wazee wakasikia. Wakatuita sebuleni kwa Mama: sisi wawili, Binamu, na mama yake, yaani mke wa mjomba, ambaye alikaa kiti cha karibu na mlango ili aweze kususa kwa urahisi.

"Hicho kiraka kinaliwa?" Mama aliuliza.

"Hakiliwi, Mama."

"Kinavaliwa?"

"Hakivaliwi."

"Sasa mnataka kuvunja undugu kwa kitu kisichoingia tumboni wala mwilini?"

"Mama," mdogo wangu akasema, "wewe uombe chumvi kwa jirani, akupe, akupe tena, akupe miaka yote. Siku umepata gunia lako, akibisha hodi utajifanya umelala?"

"Nitamfungulia. Lakini nitamwambia asimwage njiani."

"Chumvi hiyo ni ya mwanangu," akadakia mke wa mjomba.

"Mke wa mjomba wetu, nakuheshimu," mdogo wangu akamwambia, na ukisikia mtu anaanza hivyo jua heshima imefika mwisho wa njia. "Mwanao kabeba gunia. Aliyeivuna ni mimi, na shamba ni la watu."

Mama akatoa hukumu kwamba Binamu ana haki ya kukasirika na mdogo wangu ana haki ya kukataa, na chai inapoa. Hukumu ya namna hiyo hata mbuzi angeitoa. Tukanywa chai tukatawanyika, kila mtu na gunia lake.

Pale mapokezi Mama Sweta hakuomba radhi wala hakununa. Sweta hakuvua. Wateja wakiuliza fundi yuko wapi anajibu, "Fundi anakuhudumia, ila kwa sasa amepandwa kwenye chungu." Simu alipokea vizuri kabisa. Ila alikuwa ameshamwambia Binamu neno moja, mbele ya Mhasibu na yule wa kalamu nne: kazi yoyote nitafanya, ndoo nitamwaga, sakafu nitadeki, lakini hicho kiraka sikigusi tena. Umesema ni cha kampuni, basi kampuni ikishone.

Binamu alicheka. Hakujua alichokicheka, au alijua akajisahaulisha, maana zamani naye alikuwa fundi, kabla suti haijamlegeza vidole.

Programu hizi hazikai kama zilivyo. Wenyewe wanatoa toleo jipya kila baada ya muda, na toleo la zamani linaachwa bila matunzo. Kila toleo linapokuja, kiraka chako cha pembeni, ambacho wao hawakijui, hakimo. Unakibandua kwenye nguo kuukuu ukakishone kwenye mpya. Mpaka hapo aliyekuwa anashona ni mdogo wangu, kimya kimya. Binamu akaona dawa ni kutohama, wakabaki na la zamani, kama mtu anayekataa kubadili viatu kwa sababu ya gundi aliyotia jana. Lakini la zamani likapatikana na upenyo wa wezi, wenye programu wakatangaza: hameni wote, huko hatuzibi tena. Zahanati na shule wakapiga simu. Nani aliipokea? Mama Sweta. "Ujumbe wenu nitaufikisha kwa Mkurugenzi," akasema kwa sauti ya asali.

Yule wa kalamu nne alijaribu siku mbili akaomba udhuru. Alikuwa mkweli, alisema hii si kazi ya kukodi. Binamu akavua koti akaingia mwenyewe kwenye baridi. Alitoka pua imekuwa nyekundu. Utumbo wa toleo jipya walikuwa wameupanga upya, na pale mahali kiraka kilipokuwa kimeshonwa hapakuwepo tena. Akashona kwa kukisia. Akasifu kazi yake.

Umeme ukakonyeza saa nne asubuhi, na watu wako madukani. Duka la matairi likazaa pacha. Mwenye duka alikuja mwenyewe, na mwenye duka la matairi ni mtu anayenyanyua matairi. Bahati yao nakala ya akiba ya jana yake ilikuwepo, mdogo wangu alishaiwekea utaratibu tangu enzi zake. Hasara ikawa mauzo ya asubuhi tu, na heshima.

Baadaye Binamu akashuka kwetu. Mdogo wangu alikuwa kwenye benchi, anakula. Binamu alisimama katikati ya mashati yaliyotundikwa, yakimgusa masikio.

"Kila toleo litakuwa hivi?"

"Kila toleo. Mpaka tuzeeke, kisha wanao washone."

"Na tukikirudisha?"

"Kinakuwa chao. Wao wenyewe watakibeba, kila toleo litakuja limeshashonwa, na watu mia watakiangalia kisioze. Nilikwambia siku ya kwanza. Ulikuwa unasikiliza mali ya kampuni."

"Yule wa mtaa wa pili atakipata bure."

"Atakipata. Na siku akitengeneza chake utakipata wewe."

"Yule? Yule hatoi hata salamu!"

"Basi tutamwonyesha inavyofanywa."

Binamu akashusha pumzi. Samahani hakusema, na mimi nilikuwa nimetega masikio, nisingeikosa. Alisema, "Haya, tuma."

"Situmi. Andika kwanza, kwa jina lako, kwamba mwajiri ameridhia. Mlango si unaushika wewe?"

Akaandika pale pale, juu ya meza ya kupigia pasi, mimi nikiwa nimeondoa pasi kwa ukarimu. Mdogo wangu akadai funguo za chumba cha baridi, akapewa. Kadi hazikuchapwa tena, na mpaka leo Mkuu wa Ufundi kwenye kadi ni mtu aliyeshaondoka na kalamu zake.

Aliyedhani kule watampokea kwa vigelegele hajui watu wale. Mdogo wangu alikishona upya kwenye toleo jipya, akakituma. Kikarudi. Wakaandika: nafasi kati ya maneno hapa zimezidi, jina hili limeandikwa vibaya, ongeza majaribio ya kuonyesha kinafanya kazi. Kikatumwa, kikarudi. Jengo zima lilisikia.

"Nimewaletea dawa, wao wanakagua kama chupa imefutwa vumbi!"

Alifuta vumbi. Lakini mmoja wao alitaka muda wa mwangalizi kuulizia ufupishwe, anaona kusubiri kote huko ni kupoteza wakati. Hapo aligoma. Akamwandikia: njoo ukae na umeme wetu wiki moja, kisha ufupishe mwenyewe. Walijibizana siku kadhaa, wengine wa nchi zenye umeme kama wetu wakajitokeza wakamuunga mkono, na muda ukabaki kama alivyouweka. Kiraka kikakubaliwa. Yule mwanamke wa hospitali ya wazazi alikiweka kwake, akaandika kwamba umeme umezima na kuwaka asubuhi nzima na kila mashine imebaki moja, na kwamba maandishi yale ya kwamba si uzembe wake amewachapishia wakubwa wake akayabandika ukutani.

Ndipo Mama Sweta akamtafuta Bundi. Akamwandikia ujumbe mfupi, Binamu amesimama nyuma yake anasoma begani: ulitusaidia mashine ya zahanati, tuliahidi kurudisha, hiki hapa, deni letu tumelipa.

Jibu lilikuja mchana. Bundi alisema anashukuru sana na kazi ni safi, lakini awe mkweli, zahanati hiyo haikumbuki. Amewasaidia wengi.

Binamu alicheka mpaka akashika kabati. "Umenitoa jasho, umenitangaza duniani, tumekaa kikao kwa Mama, kwa deni ambalo mwenyewe halijui?"

"Kusahau ni haki yake, alitoa," mdogo wangu alisema, akivuta mikono ya sweta. "Sisi tulipokea. Sogea basi, nina mashine ya shule ya kuhamisha."